Nembo ya Euro 38 kwa Jina la Mtoto wa Kuokotwa

Nianze na bei, maana wengine mtasoma hapa tu mwondoke: karatasi ya nembo ya ukoo, kubwa kama ukurasa wa gazeti, na fremu yake ya mbao, euro 38. Bila fremu euro 22. Nilinunua Toledo, Hispania, mwezi wa tatu, katika mojawapo ya maduka ya mtaa unaoteremka kutoka uwanja wa Zocodover, yale yanayouza panga, ngao za bati na vipuli vya chuma cheusi kilichochorwa kwa uzi wa dhahabu. Jina la duka silitaji. Yako mengi ya aina hiyo, na kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu zake. Tatizo halikuwa adabu.

Nilikuwa natafuta zawadi ya baba mkwe, aliyekuwa anatimiza miaka 70. Baba mkwe ni mtu wa mkoa wa Jaén, huko kwenye vilima vya mizeituni karibu na Alcalá la Real, na jina lake la ukoo ni Expósito. Ndilo la mume wangu, na wakati ule lilikuwa njiani kuwa la mtoto niliyekuwa naye tumboni, miezi saba. Kwa hiyo tuseme ukweli, zawadi ilikuwa kisingizio. Nilitaka kujua ninamvisha nini mwanangu.

Kwa asiyewajua Wahispania: kila mtu ana majina mawili ya ukoo, moja la upande wa baba, moja la upande wa mama. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Hapo niliwapenda mara moja, maana kwetu Tanga mama yangu ameishi na baba miaka arobaini na bado anaitwa kwa jina la babake. Zamani la baba lilitangulia lenyewe bila kuulizwa. Tangu katikati ya 2017 fomu haina upendeleo tena: wazazi wanaandika wenyewe lipi litangulie, wakishindwa kuelewana msajili anawapa siku 3, zikiisha anaamua yeye. Na mpangilio mtakaompa mtoto wa kwanza ndio huo huo kwa wadogo zake wote, hakuna kubadilisha njiani.

Upande wangu, jina lililoandikwa mwisho kwenye pasipoti ni la babu, Mbwana, aliyekuwa mvuvi na mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, Tanga. Wahispania wakilisikia hutabasamu. Neno "bwana" wanalijua kwa filamu za kale za wawindaji, na mtu anayetaka kumkejeli bosi wake husema "sí, bwana". Mimi huwajibu kwamba huyu ni Mbwana, kwa M, na alikuwa na mtumbwi, si bunduki.

Basi dukani. Kijana akaniuliza jina, akaliandika kwenye kompyuta, akabonyeza. Ikatoka ngao nusu nyekundu nusu buluu, simba wawili wa dhahabu wamesimama kwa miguu ya nyuma, juu yao kofia ya chuma ya askari farasi, na chini mistari kumi na minne ya maelezo: ukoo wa kale, wa heshima, chimbuko lake milima ya kaskazini, watu wake walipigania wafalme wakapewa ardhi. Karatasi imechomwachomwa kingo ionekane ya zamani. Harufu ya moto ilikuwa bado ipo. Nikamwambia, mbona O haina alama yake ya mkazo? Akasema herufi kubwa haziwekewi. Si kweli, huwekewa, hata mimi niliyejifunza Kihispania ukubwani najua. Lakini nilikuwa nimeshawatazama wale simba, nikalipa.

Jumapili ya sherehe baba mkwe akafungua kifurushi, akavaa miwani, akasoma mistari yote kumi na minne taratibu. Kisha akacheka mpaka akapaliwa.

"Hija," akaniambia (ndivyo anavyoniita, binti yangu), "hawa simba walikuwa wapi usiku ule babu ya babu yangu alipowekwa kwenye torno?"

Meza nzima ilikuwa inajua isipokuwa mimi. Miaka minne ya ndoa na hakuna aliyenieleza, kwa sababu kwa Mhispania yeyote jina lile halihitaji maelezo. Expósito linatoka Kilatini, expositus, aliyewekwa nje. Mtoto wa kuokotwa. Si jina la babu fulani wala la kijiji wala la kazi. Ni neno la karani, aliyeliandika kwa sababu hakuwa na la kuandika.

Majina mengi ya Kihispania sisi Waswahili tunayaelewa haraka, tukikumbuka kwamba jina la ukoo kwetu huitwa pia ubini, kutokana na bin na binti. Ile -ez ya mwisho ndiyo bin yao. Fernández ni bin Fernando, Rodríguez bin Rodrigo, Sánchez bin Sancho. Katika majina kumi yenye watu wengi zaidi Hispania, manane yana -ez hiyo. Yasiyo nayo ni García na Martín tu. Mengine ni ya mahali, na hapo masikio ya pwani yananufaika: Medina, hilo halina haja ya mkalimani, Alcalá ni al-qal'a, ngome, Alcántara ni daraja. Expósito ni ubini usio na bin.

Torno lenyewe ni pipa la mbao lililochongwa ndani ya ukuta wa nyumba ya watoto, upande mmoja wazi. Unamweka mtoto ukiwa nje barabarani, unalizungusha, mtoto anaingia ndani, unavuta kengele, unaondoka. Aliye ndani hakuoni nawe humwoni. Madrid nyumba hiyo iliitwa Inclusa, ilianza karne ya 16, na katika karne ya 19 ilikuwa mtaa wa Embajadores, dakika chache kutoka ninapokaa. Wilaya nzima iliwahi kuitwa Inclusa. Nimepita pale na kikapu cha soko mara zisizohesabika nikiwaza bei ya nyanya.

Waliofika kwenye nyumba hizo wengi hawakuishi. Maziwa yalikuwa machache, wanyonyeshaji wachache, homa zikipita zinazoa. Na aliyeishi alibeba jina kama muhuri. Mwaka 1794 mfalme Carlos IV alitoa amri kwamba watoto wa kuokotwa wahesabiwe kuwa halali katika mambo yote ya kiraia, na kwamba anayewatukana kwa kuwaita wanaharamu aadhibiwe. Ukiona mfalme anatoa amri kuhusu tusi, jua tusi lilikuwa limeenea. Mwaka 1921 sheria ikawapa ruhusa wenye jina Expósito kulibadili, na hata sheria ya usajili ya 1957 ililitaja kwa jina lake: mwenye Expósito au jina jingine linaloashiria asili isiyojulikana aweza kuomba lingine la kawaida. Wengi waliomba. Ukoo wa baba mkwe haukuomba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema babake alikuwa na mizeituni ya kuvuna, hakuwa na siku ya kupoteza ofisini.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu duka: nyota 1, na hiyo ni ya fremu, ambayo ni mti wa kweli. Hata kama lingekuwa jina jingine, biashara hii ina kasoro ya msingi. Nembo Hispania ilikuwa ya ukoo maalumu, watu fulani wa nyumba fulani, haikuwa ya kila mwenye jina linalofanana. García wako zaidi ya milioni 1.4 kwa jina la kwanza peke yake. Wote hawawezi kuwa wamerithi ngao moja, na wala si ndugu. Sasa kwa Expósito ndiyo kichekesho zaidi. Kama kuna jina moja ambalo mashine ilipaswa kujibu "samahani, hapa sina kitu", ni hilo.

Nikahamia kwa huduma ya pili, ambayo ni ya bure na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Taasisi ya takwimu ya taifa, INE, ina ukurasa wa majina kwenye tovuti yake. Unaandika jina la ukoo, unapata watu wangapi wanalo kama la kwanza, wangapi kama la pili, na wangapi wanalo mara mbili, yaani kwa baba na kwa mama. Halafu ramani ya mikoa. Hakuna kujisajili, hakuna kuombwa barua pepe.

Msichana wa kazini kwetu aliniambia ukurasa huo ni mkavu. Ni mkavu, kweli. Lakini ukijua kuusoma una utamu wake. Jambo la kwanza: usiishie kwenye idadi. Madrid na Barcelona zitaongoza karibu kwa kila jina kwa sababu ndiko watu waliko, na Barcelona hasa imejaa watoto wa Andalusia waliopanda treni miaka ya 50 na 60 kwenda kutafuta viwanda. Angalia safu ya pili, inayosema wangapi kwa kila watu elfu. Hapo ramani inageuka. Kwa Expósito rangi inakoza Andalusia, Jaén ikiwemo, na visiwa vya Canaria, upande wa Tenerife.

Na hapa nilikaa nikifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jina la kijiji likiwa limekoza mahali fulani, maana yake ukoo ulianzia hapo ukasambaa. Expósito halisambai hivyo. Expósito wa Tenerife na wa Jaén hawana babu mmoja, na hata wawili wa Jaén wenyewe pengine hawana. Ramani ile haionyeshi ukoo ulikotoka. Inaonyesha palipokuwa na torno, na makarani waliozoea kuandika neno hilo. Kwani nyumba nyingine ziliandika vingine: mtakatifu wa siku ile, de la Cruz, San José. Havana, Cuba, watoto wa nyumba ya kulelea waliitwa Valdés, kwa heshima ya askofu Gerónimo Valdés aliyeianzisha, na mshairi Plácido, aliyezaliwa 1809 na kuuawa kwa risasi na serikali ya kikoloni 1844, alikuwa Valdés wa namna hiyo. Napoli wana Esposito, S badala ya X, na leo ukirusha jiwe mjini humo litampiga mmoja wao.

Kasoro za ukurasa wa INE: majina ya watu wachache mno hayaonyeshwi, ili mtu asitambulike. Nilipoandika Mbwana nikaambiwa hakuna matokeo. Naelewa sababu, lakini nilijisikia kama nimebisha hodi nikaambiwa hakuna mtu, nami nimo ndani. Pia hautakwambia neno lolote juu ya maana ya jina. Nyota 4 na nusu.

Huduma ya tatu ni hifadhi ya nyaraka, na hii inataka subira. Njia yenyewe ni hii. Vyeti kamili vya kuzaliwa unaviomba bure kwa Wizara ya Sheria, mtandaoni au kwa posta. Kila cheti kinataja wazazi na babu na bibi wa pande zote, kwa hiyo unapanda vizazi viwili kwa karatasi moja. Usajili wa serikali ulianza 1871. Ukifika hapo ngazi inakatika, unageukia vitabu vya ubatizo vya parokia. Na kama ni mtoto wa kuokotwa, vitabu vya nyumba za watoto vilibaki kwa serikali za mikoa, ambazo ndizo zilizokuwa zikiziendesha katika karne ya 19.

Tulikwenda Jaén mimi na baba mkwe, mume wangu akiwa kazini. Tumbo langu lilikuwa limefika mezani kabla yangu. Hifadhi inafunguliwa asubuhi tu, na ni lazima kuweka miadi. Sisi tulifika bila miadi, tukaonewa huruma, nadhani kwa ajili ya tumbo. Mama mmoja mtunza vitabu, sweta mabegani, alituletea kitabu kikubwa kama meza ndogo, akakaa nasi karibu saa nzima kutusomea mwandiko, kwa kuwa karani wa enzi zile aliandika kama anayekimbizwa.

Alikuwepo. Januari 1866, saa nne na nusu usiku. Mvulana, anakisiwa siku mbili. Fulana ya flana, kitambaa cha kichwa kilichotumika, utepe wa kijani kifundoni mwa mkono wa kushoto. Karatasi iliyobandikwa nguoni: hajabatizwa, aitwe Ildefonso. (Sikukuu ya Mtakatifu Ildefonso ni tarehe 23 Januari, pengine mama aliangalia kalenda, pengine lilikuwa jina la mtu.) Mama mtunza vitabu akatueleza kwamba utepe haukuwa pambo. Wazazi waliacha alama, wengine nusu ya karatasi ya karata iliyokatwa kwa mkasi, ili siku wakirudi wathibitishe ni wao. Safu ya mwisho inasema alipelekwa kunyonyeshwa na mwanamke wa kijiji karibu na Alcalá kwa malipo ya kila mwezi. Hakurudishwa mjini. Ndiyo maana ukoo uko kule milimani.

Katika ukurasa ule ule, pembeni ya majina mengi pana neno moja tu, murió. Alikufa. Pembeni ya Ildefonso pako wazi.

Baba mkwe hakucheka siku hiyo. Aliuliza kama inaruhusiwa kugusa karatasi. Aliambiwa ndiyo, taratibu.

Kusoma ni bure, nakala ni senti chache. Nyota 5, na ningeongeza ya sita kwa lile sweta.

Usiku nikampigia mama Tanga nikamsimulia. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo mjukuu wangu ataitwa Kaokotwa?" Nikamwambia ndiyo, kama wataka kutafsiri. Akasema, "Haya. Shangazi yako alikuwa Shida, na jirani wa kule barabara ya ishirini ni Chausiku, na shule alosoma nami mtu akiitwa Sikujua. Wote wamezaa. Weye hebu nambie, huyo aliyemnyonyesha, jina lake wameliandika?" Wameliandika, mama. "Basi hilo ndo ungelichukua."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sheria hairuhusu, lakini nimelinakili kwenye daftari langu.

Kilichotushangaza ni fomu ya kusajili. Mume wangu alitaka Mbwana litangulie, mtoto asije akataniwa shuleni kama yeye alivyotaniwa na watoto wa Getafe, mji ulio kando ya Madrid. Mimi nikataka Expósito litangulie. Tulibishana hospitalini, mtoto akiwa na siku moja, wauguzi wakiingia na kutoka. Hoja yangu ilikuwa fupi: Mbwana ana wajukuu kumi na tisa, jina lake lina watu. Na hata hivyo mwana wangu yuko Madrid, wenye Expósito darasani hawatakuwa wa ajabu, wa ajabu atakuwa mwenye Mbwana; kama ni kutaniwa, jina litakalomletea utani ni langu. Akashindwa. Salim Expósito Mbwana, kilo tatu na gramu mia mbili.

Mwezi wa kumi nikarudi Toledo, Salim mgongoni kwa kanga, nikaenda dukani kuomba nirudishiwe pesa. Kijana alikuwa yule yule. Nikamweleza maana ya jina, ambayo bila shaka alikuwa anaijua tangu mwanzo, Mhispania huyu. Akasema kwa upole kwamba kitu kilichochapwa kwa jina la mteja hakirudishwi, imeandikwa pale ukutani, na kweli imeandikwa. Ila kwa kunifariji angeweza kunitolea la upande wangu kwa bei ya chini. Nikamtajia. Akaandika MBWANA. Mashine ikafikiri kidogo, ikamaliza.

Ngao hii ilikuwa njano na kijani. Juu yake, wa dhahabu, kwa miguu ya nyuma, simba wale wale wawili.

"Euro 15," akasema. "Fremu unayo tayari."

Fremu ninayo. Ina nakala ya ukurasa wa Januari 1866, na iko sebuleni kwa baba mkwe.